Funguo Tisa: kisa cha mchungaji aliyerudi kutoka kongamanoni

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka kongamano la wachungaji, mchungaji wetu alihubiri kwa muda wa saa moja na nusu, kisha akatangaza mabadiliko 11. Ibada ya katikati ya juma inahamishiwa siku nyingine. Kamati ya ujenzi inavunjwa na kuundwa upya. Washirika wote wanaingia katika vikundi vya nyumbani, vikundi 14, na kuanzia juma hilo wagonjwa watatembelewa na viongozi wa vikundi. Majina ya viongozi hao yakasomwa palepale madhabahuni. Baadhi ya waliotajwa walikuwa wanaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, watoto wamewalalia mapajani. Nilikuwa nimekaa safu ya pili na daftari la kumbukumbu za baraza la wazee, kama kawaida ya katibu. Mzee aliyekuwa kando yangu, aliyelitumikia kanisa hili tangu mchungaji akiwa bado kijana wa kwaya, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Katibu, haya tulikaa lini?"

Hatukuwa tumekaa.

Miezi miwili baadaye, kati ya vikundi 14 ni vitatu tu vilivyokuwa vinakutana, familia mbili zilikuwa zimehama kanisa, na mchungaji alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kusafiri. Mwaka ulipotimia hali ilikuwa nyingine: vikundi tisa vilivyo hai, wagonjwa wanatembelewa bila kungoja zamu ya mtu mmoja, na mchungaji analala usiku. Somo la kugawana mzigo alilolipata kongamanoni lilikuwa lilelile muda wote huo. Kilichobadilika ni njia aliyoliingizia kanisani, na kwa sababu hiyo nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa chote, pamoja na aibu zake. Mchungaji mwenyewe ameusoma uchambuzi huu na kunipa ruhusa. Alinitaka nisipunguze sehemu ya makosa yake, nami nimeamua nisipunguze ya kwetu wazee.

Kabla ya safari

Alikuwa amelichunga kanisa hili miaka 12. Alilipokea likiwa na familia chache zinazojuana kwa majina, likakua hadi kupita washirika 300, na katika kukua huko kote kazi zake hazikuwahi kugawanywa. Ziliongezwa tu. Aliwatembelea wagonjwa, alizika, alifungisha ndoa, alisuluhisha wanandoa waliokosana, alihesabu sadaka pamoja na mhazini, alisimamia mafundi wa paa, na Jumapili alfajiri ndiye aliyefungua mlango wa kanisa. Mahubiri aliyaandaa Jumamosi usiku, watu wa nyumbani mwake wakiwa wamelala.

Dalili zilikuwepo na tuliziona. Mtu mpole alianza kufoka kwenye mazoezi ya kwaya. Alisahau jina la mtoto aliyembariki majuma mawili nyuma. Mara mbili nilimkuta ofisini amelala kitini, viatu miguuni, taa inawaka. Mama Mchungaji alipomwambia mke wangu kwamba mumewe "yupo nyumbani lakini hayupo," sisi wazee tulilichukua kuwa ni manung'uniko ya kawaida ya nyumba za watumishi. Hali ile tuliiita bidii. Tuliisifu hadharani, wakati wa matangazo, mbele ya wageni: mchungaji wetu hachoki. Naamini sifa hizo zilimfunga kuliko kazi zenyewe, maana mtu akishasifiwa kwa kutochoka, siku anayochoka hana pa kusemea.

Mwaliko wa kongamano ulipokuja, baraza likamlipia, tukamwekea mikono, tukamwombea, akaenda. Alikwenda peke yake. Hilo nitalirudia.

Kilichomgusa hakikutoka jukwaani

Katika siku nne aliandika kurasa 37. Nimezisoma zote. Kuna mafundisho mazuri humo: maono, uadilifu, kulea viongozi vijana, ndoa ya mtumishi wa Mungu. Nilipomuuliza ni ukurasa upi uliomgeuza, hakulifungua daftari. Alitoa katikati ya Biblia yake karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Karatasi hiyo ilitoka kwenye kipindi cha alasiri ya siku ya pili, walipokuwa wamegawanyika katika makundi madogo. Mwezeshaji aliwaambia wachungaji waandike, saa kwa saa, walichofanya juma lililopita. Kisha kila jambo walitie alama: msalaba kwa kazi ambayo hakuna mwingine kanisani angeiweza, duara kwa kazi ambayo mtu mwingine angeiweza akifundishwa. Mchungaji wetu aliandika siku nne, akaweka kalamu chini. Katika siku hizo nne misalaba ilikuwa miwili. Maduara nimeyahesabu mwenyewe: 31. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, kuna swali ambalo hakulijibu: "Maombi, dakika ngapi?"

Ndipo wakasoma Kutoka 18. Sura hiyo alikuwa ameihubiri mara nyingi, na mimi nilikuwepo. Kila mara ilikuwa hubiri kwa washirika: msaidieni Musa, inueni mikono, mzigo ni mzito. Siku ile, karatasi ikiwa mapajani, alisikia kwa mara ya kwanza Yethro, mkwe wa Musa, anasema na nani. Hasemi na watu. Anamwambia Musa mwenyewe, "Jambo hili ufanyalo si jema." Na onyo linalofuata linawataja wawili: utajidhoofisha wewe, na watu hawa walio pamoja nawe. Watu walikuwa wamesimama mbele ya Musa tangu asubuhi hata jioni. Walichoka kwa kungoja, kama yeye alivyochoka kwa kuamua.

Hapo akamkumbuka dada mmoja wa kanisani kwetu. Dada huyo aliomba kumwona mchungaji kuhusu ndoa yake iliyokuwa inavunjika, akapewa nafasi baada ya majuma matatu kwa sababu ratiba ilikuwa imejaa. Siku alipoingia ofisini, mume alikuwa ameshaondoka nyumbani. Mchungaji alikuwa amelibeba jambo lile kama huzuni ya kichungaji, kama yanavyobebwa mengi. Kongamanoni aliliona kwa upande wake wa pili: kanisani kulikuwa na wanawake wanne watu wazima, wenye hekima na ndoa zilizopita kwenye moto, ambao wangeketi na dada yule siku ileile, na hakuna aliyewahi kuwaruhusu. Alipofika hapo kunisimulia alinyamaza kwa muda, nami sikumharakisha.

Usiku huo alilala chumba kimoja na mchungaji mstaafu, mzee wa maneno machache. Walipozima taa mzee akamuuliza, "Mtumishi, ukilala Jumatano usiamke, Jumapili nani atafungua mlango?" Alitaka kulichukulia kama mzaha. Kisha akakumbuka funguo. Akawasha taa, akazitoa kwenye koti, akazihesabu kitandani: mlango mkubwa, mlango wa nyuma, ofisi, kabati la vyombo vya muziki, stoo, sanduku la sadaka, geti, chumba cha watoto, kabati la nyaraka. Funguo tisa katika pete moja, na nyingi hazikuwa na nakala. Alikuwa amesafiri nazo. Wakati huohuo sisi nyumbani tulikuwa tumekusanyika nje kwa maombi ya katikati ya juma, tukidhani mwinjilisti amesahau kufika na ufunguo.

Kosa la Jumapili ile

Mtu mwema, mwenye somo sahihi, alikuja kulijeruhi kanisa kwa somo hilohilo. Nimelitafakari hili sana, kwa sababu nimeona yakitokea kwa watumishi wengine, na maelezo ya haraka yanayotolewa ni kwamba "watu hawapendi mabadiliko." Sikubaliani nayo kwa kisa hiki.

Alirudi na fundisho la kugawana mzigo, akaligawa akiwa peke yake. Alichagua peke yake, alipanga peke yake, alitangaza peke yake. Ukisoma Kutoka 18 polepole utaona mambo mawili aliyoyaruka. Yethro anamwambia Musa kwanza awafundishe watu amri na njia iwapasayo kuiendea, ndipo unafuata mstari wa kuchagua wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mafundisho yalitangulia uteuzi. Na Musa anapoisimulia habari hiyo tena katika Kumbukumbu la Torati 1, anaeleza kwamba aliwaambia watu wajitwalie wenyewe watu wenye hekima wanaojulikana katika kabila zao, na watu wakajibu kwamba neno hilo ni jema. Matendo 6 inakwenda njia hiyohiyo. Mitume walitoa sifa zinazotakiwa, kusanyiko likachagua saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani, yaani yanaelekea upande ule uliokuwa umelalamika kwamba wajane wake wanasahauliwa. Waliopewa kazi walitoka miongoni mwa wenye kidonda.

Kuna jambo jingine la kibinadamu zaidi. Yeye alikuwa amepewa siku nne za kulia, kuandika, kuulizwa maswali na kuomba hadi akageuka. Sisi tulipewa dakika tano za matangazo. Nilipomuuliza kwa nini aliharakisha vile, alisema, "Niliogopa nikikaa nayo itapoa." Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku moja tu, na baada ya hapo kusahau kukapunguza kasi. Anayerudi kutoka kongamanoni na daftari lililojaa yuko kwenye mteremko huohuo. Lakini Ebbinghaus aliona pia kwamba kurudia jambo kwa vipindi vilivyoachana hulishikilia vizuri kuliko kulirundika kwa mara moja, na mabadiliko 11 ya Jumapili moja ni kurundika.

Matokeo yalikuja haraka. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliyetoa miaka yake sita kwa jengo lile, hakuonekana ibadani Jumapili tatu. Mama mmoja aliyesomwa kuwa kiongozi wa kikundi alikuwa na mume asiyeamini, na hakuwa na namna ya kuwakaribisha watu nyumbani. Alikaa na fedheha hiyo kimya kimya. Kijana mwingine alifurahi, akakusanya watu, na katika juma la tatu akawafundisha kwamba mgonjwa asiyepona ana dhambi aliyoificha. Hakuwa mwasi. Hakuna aliyemfundisha. Katika kikundi chake alikuwamo mama mwenye saratani.

Neno lililoniumiza zaidi lilitoka kwa mjane mmoja wa miaka mingi. Alipotembelewa na kiongozi wa kikundi badala ya mchungaji, alimshukuru vizuri, akamsindikiza mlangoni, halafu akamwambia jirani, "Mchungaji siku hizi hatutaki. Anatutumia watoto." Anayedhani mama yule ni mkaidi afikirie kwanza ni nani aliyemfundisha kwa miaka 12 kwamba kutembelewa kwa kweli ni kutembelewa na mchungaji.

Karatasi juu ya meza

Juma la saba baraza lilikaa. Kumbukumbu za kikao hicho ninazo. Nilikwenda nikitegemea ugomvi, na nadhani wazee wenzangu pia, kwa jinsi tulivyosalimiana kwa adabu nyingi kupita kawaida. Mchungaji alifungua kwa maombi, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Akasema, "Wazee wangu, nimekosea utaratibu na ninawaomba radhi. Lakini kwa hali hii siwezi kuendelea." Halafu akasoma, saa kwa saa, siku zile nne. Hakuongeza neno.

Tulikaa kimya. Kisha mzee yuleyule aliyeniuliza Jumapili ile tulikaa lini, akasema kwa upole, "Mchungaji, mbona hukutuonyesha karatasi hii kwanza?"

Swali hilo nalichukua kuwa kiini cha kisa chote. Kama karatasi ile ingefika mezani siku ya Jumanne baada ya safari, naamini tusingepoteza miezi miwili. Alituletea majibu 11 tukayakataa. Alipotuletea udhaifu wake, hakuna aliyekataa, maana kila mmoja wetu alijiona kwenye maduara yale: kazi hii ningeifanya mimi, na sikusema.

Ndipo akatusimulia jambo alilolisikia kongamanoni. Mwaka 1948, katika mji wa Modesto, California, mwinjilisti wa Marekani Billy Graham aliwaomba wenzake watatu, Cliff Barrows, George Beverly Shea na Grady Wilson, waende kila mtu peke yake, waandike mambo yanayowaangusha wainjilisti na kulichafua jina la injili. Waliporudi na kulinganisha, orodha zilifanana sana. Yakatoka makubaliano ya mambo manne: uwazi katika fedha, kujilinda na uasherati, kutoyasema vibaya makanisa mengine, na kutotia chumvi hesabu za waliohudhuria. Watu wanne tu, hakuna jukwaa.

Tukafanya vivyo hivyo. Tulikuwa wazee saba. Kila mmoja akachukua kalamu na kona yake kwa nusu saa, akaandika nini kinaweza kulibomoa kanisa letu ndani ya miaka mitano. Nilizikusanya karatasi nikazisoma kwa sauti bila majina. Sita kati ya saba zilisema, kwa maneno tofauti, "Mchungaji akiugua." Nne zilitaja fedha: kwamba sadaka inajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao ni mchungaji. Hakuna aliyekuwa amemtuhumu. Tukasoma 2 Wakorintho 8, pale Paulo anapoeleza kwa nini mchango wa watakatifu unasafirishwa na zaidi ya mtu mmoja, ili asiwepo wa kuwalaumu, wakitunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo mwenyewe alijiwekea mashahidi. Juma lililofuata mchungaji alitoka kwenye kuhesabu sadaka, na ufunguo wa sanduku ukawa wa kwanza kutoka kwenye pete yake.

Mabadiliko 11 tuliyaweka kando, tukachukua moja kwa miezi mitatu: kuwatembelea wagonjwa na waliofiwa. Sharti lilikuwa dogo, na lilimbana mchungaji kuliko mtu mwingine yeyote. Asiende peke yake. Kila ziara aongozane na mtu ambaye baraza limempendekeza na mwenyewe amekubali. Ziara za kwanza mtu huyo aangalie, zinazofuata aongoze mchungaji akiwepo, kisha aende na mtu wa tatu. Katika 2 Timotheo 2:2 kuna vizazi vinne ndani ya mstari mmoja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Sisi tulikuwa tumezoea kuishia kwa Timotheo.

Ziara ya kwanza ilikuwa kwa yule mjane. Nilikuwepo. Mchungaji alikwenda na shemasi mmoja, fundi wa mikono, mtu asiyependa kusimama mbele za watu. Mama alimshika mchungaji mkono, akamwelekea yeye tu, kana kwamba shemasi hayumo chumbani. Baada ya mazungumzo mchungaji akamwomba shemasi asome Zaburi ya 121. Sauti ilimtetemeka, akaruka neno. Mama, aliyeijua zaburi hiyo kwa moyo, akamrekebisha. Akaendelea, akaruka tena, mama akamrekebisha tena, mwisho wakawa wanaisema wote wawili pamoja, yeye akisoma na mama amefumba macho. Wakati wa kuaga mama alimshika shemasi mkono kwa mikono yake miwili. Juma lililofuata, mchungaji alipopita na mtu mwingine, aliulizwa mlangoni, "Yule wa zaburi yuko wapi?"

Vikundi vilipoanza upya

Vile vitatu vilivyosalia havikuvunjwa. Tuliwauliza viongozi wake kwa nini vyao viliishi, na jibu likawa lilelile: walikuwa wameshaanza kutembeleana kabla ya tangazo. Tukaanzia hapo. Viongozi wapya walikaa katika kikundi kilichopo kwa miezi mitatu kabla ya kupewa chao, kwa kufuata agizo la 1 Timotheo 3 kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza. Yule kijana aliyefundisha vibaya hakuondolewa. Mchungaji aliketi naye jioni nyingi juu ya kitabu cha Ayubu, na kijana mwenyewe akaenda kumwomba radhi mama yule mgonjwa. Leo anaongoza kikundi kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuumiza mtu.

Mwinjilisti wetu alitukumbusha habari ya mhubiri John Wesley na Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Walikuwa na deni la jengo, na mmoja wao akashauri watu wagawanywe katika makundi ya watu 12 hivi, kila kundi na kiongozi wa kupita nyumba kwa nyumba kila juma akikusanya peni moja moja. Viongozi walipoanza kupita wakakuta mambo ambayo wahubiri hawakuwa wanayajua: ugomvi, ulevi, njaa, watu waliokata tamaa. Utaratibu wa deni ukawa utaratibu wa uchungaji. Nimeipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba uchungaji wa vikundi huanza na mtu kuingia nyumba ya mwenzake kwa shughuli ya kawaida, na ratiba ya masomo hufuata baadaye.

Mapumziko ya mchungaji yalitusumbua kuliko vikundi. Tuliamua Jumatatu iwe siku yake, simu ya kanisa ikae kwa mzee wa zamu. Jumatatu mbili za kwanza alionekana kanisani, akisema anatafuta kitabu. Mtu aliyebeba kila kitu miaka 12 haachi kwa azimio la kikao. Mikono yake haijui pa kukaa. Alikiri kwamba aliogopa, kwa maneno yake, "wakigundua mambo yanakwenda bila mimi." Nadhani wachungaji wengi wanaogopa hilo na hawana wa kumwambia. Tulisoma naye Marko 6, Yesu akiwaambia wanafunzi waende faraghani wakapumzike kidogo, na tukasoma pia yanayofuata: umati uliwatangulia kwa miguu, naye akawahurumia. Kwa hiyo hatukuweka sheria ya chuma. Kukitokea msiba Jumatatu, anaitwa. Lakini mzee wa zamu ndiye anayeamua kumwita.

Ilisaidia pia kumtazama Eliya wa 1 Wafalme 19 bila haraka. Chini ya mretemu, mti wa jangwani, aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Na baadaye, Bwana aliposema naye mlimani, mojawapo ya kazi alizompa ilikuwa kumtia mafuta Elisha.

Ambayo hayajakaa sawa

Kati ya mabadiliko kumi yaliyobaki, manne yamefanyika, matatu mchungaji ameyafuta mwenyewe, na matatu hatujakubaliana. Familia mbili zilizohama hazijarudi. Tumewatembelea, wametupokea kwa heshima, wamebaki walipo. Mwenyekiti wa ujenzi alirudi ibadani lakini hajakubali nafasi yoyote, na mchungaji ameshamwomba radhi mara mbili. Wapo Jumamosi ambazo taa ya ofisini bado inawaka hadi usiku wa manane.

Kwa baraza linalomtuma mchungaji kongamanoni, nina ushauri uliotokana na yale yaliyotupata. Msimtume peke yake. Kama kuna uwezo wa nafasi moja tu, subirini mpaka ziwe mbili, maana mtu wa pili ndiye atakayemwambia kwenye safari ya kurudi kwamba hayo mengine yangoje. Msimpe mimbari Jumapili ya kwanza kwa ajili ya taarifa ya safari. Mpeni Jumanne na wazee, mlango umefungwa, na msimuulize alijifunza nini. Muulizeni ameonyeshwa nini juu yake mwenyewe. Halafu chagueni jambo moja, lipeni miezi, wekeni mtu wa kulifuatilia. Hata mkutano mkubwa wa uinjilisti wa Lausanne, Uswisi, Julai 1974, uliowakusanya viongozi zaidi ya 2,000 kutoka nchi zipatazo 150, unakumbukwa hasa kwa andiko lake la vipengele 15. Rasimu ilisambazwa, washiriki wakaijadili na kuleta marekebisho, kamati iliyoongozwa na mchungaji Mwingereza John Stott ikayapokea, na wengi wakatia sahihi kwa hiari. Baadaye ikaundwa kamati ya kuendeleza kazi. Hotuba zilikuwa nyingi na nzito, lakini lililosafiri mbali ni lile ambalo watu walilitia mikono yao wenyewe.

Mwezi uliopita mchungaji alikesha hospitalini na familia moja usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Nilimpigia simu alfajiri kumwambia asikimbie. Alifika ibada ikiwa imeanza, shati la jana, macho mekundu. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, viti vimepangwa, watoto wako chumbani kwao, na yule shemasi wa zaburi alikuwa mbele akiongoza maombi ya kufungua. Mchungaji alisimama nje karibu na kizingiti mpaka wimbo wa pili ulipokwisha. Nilimfuata nikidhani anajisikia vibaya. Alikuwa ameshika simu, anaongea na yule mzee mstaafu waliyelala naye chumba kimoja.

"Baba, leo mlango umefunguliwa," alimwambia.

Mzee akamuuliza ni nani aliyeufungua, naye akamtajia jina.